Orodha ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Umeniuliza, mwanangu, ni nani aliyenifundisha kuandika herufi tatu na kuiachia mashine imalizie sentensi, nami nikakujibu kwamba ni malori. Ulicheka, chai ikawa inapoa, tukaishia hapo. Jibu lenyewe lilikuwa la kweli ila halikuwa na kichwa, na kichwa chake kiko Tanga, Posta, enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, nilipoajiriwa ningali kijana wa suruali ya kaki nikakalishwa nyuma ya dirisha la telegramu. Dirisha lile lilikuwa na harufu yake: wino, gundi ya stempu, jasho la watu waliotoka mashambani na, upepo ukivuma kutoka bandarini, ule ukali wa mkonge uliofungwa marobota ukingoja meli. Telegramu ililipiwa kwa neno. Anwani nayo ilihesabiwa, na jina la mtumaji akilitaka liwemo nalo lilihesabiwa. Watu walifika na karatasi waliyoandikiwa nyumbani na mjomba aliyesoma, mimi nikaipitia kwa ncha ya kalamu nikihesabu kwa sauti, na mwenye karatasi akaanza kubadilika uso kabla sijafika nusu. Hapo ndipo ukataji ulipoanza. Salamu zilikwenda kwanza, kisha sababu, kisha shukrani. Kiswahili kilitusaidia, maana hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja ambalo Mwingereza angelilipia manne. Lakini neno likirefuka kupita kiasi kanuni ilitaka lihesabiwe mawili, basi tukawa tunabishana herufi kwa herufi kama watu wanaopimiana sukari.

Namkumbuka mtu mmoja wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, aliyekuja kuwaarifu nduguze wa Moshi kwamba baba yao amepanda treni ya usiku, wampokee stesheni. Nilipomtajia bei akakata “kwa treni”, akakata “ya usiku”, akafikiri kidogo, akakata na “mpokeeni stesheni”. Ikabaki BABA AMEONDOKA. Nikamwuliza, bwana mkubwa, una hakika? Akanijibu kwamba wale si watoto, wataelewa. Walielewa, tena barabara: mzee alipofika kwake asubuhi, begi begani, alikuta turubai limeshafungwa uani na wanawake wanachambua mchele wa matanga. Kisa hicho kilirudi Tanga kwa treni hiyohiyo, na kila karani mpya alisimuliwa siku yake ya kwanza kazini. Mtumaji aliokoa shilingi chache, na waliopokea ndio waliolipa. Nishikie hilo hapo, tutalihitaji mbele ya safari.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika letu likagawanywa kama mirathi, kila nchi na makabati yake. Ikaja vita vya Kagera, zikaja foleni za sabuni na sukari, na mimi nikahamishiwa Dar es Salaam kukaa dirisha jingine lenye telegramu zilezile. Sitaki kukuchosha kwa hayo. Wenzangu wameyaandika kuliko mimi. Mwaka 1986, Mwalimu akiwa amekwisha kung'atuka Ikulu na Mzee Mwinyi akiwa amefungua milango ya maduka, kaka yangu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Ohio State alinitengenezea karatasi, nikaondoka na sanduku moja na koti la kuazima. Nikazunguka zunguka katika kazi za kuosha vyombo na kufagia, mpaka nikaangukia zamu ya usiku katika kampuni ndogo ya malori huko Gahanna.

Gahanna ni mji mdogo uliokaa ubavuni mwa Columbus, upande wa mashariki, kando ya mto waitao Big Walnut, na umepakana na uwanja wa ndege ambao siku hizo uliitwa Port Columbus na leo umepewa jina la John Glenn mwanaanga. Watu wake wanajigamba kwamba mji wao ndio makao makuu ya majani ya viungo katika jimbo la Ohio, na si maneno matupu, kwa maana wakati wa kiangazi, ukishuka basi jioni ukielekea kazini, ulipita nyumba zilizopandwa zaatari, lavenda na mrehani mbele ya ngazi. Mrehani ule, mwanangu, ulinisimamisha njiani mara ya kwanza nilipouvuta. Sikuwahi kuufikiria kama kitu cha kutia kwenye mchuzi wa nyanya. Kwangu ulikuwa kikuba cha bibi harusi. Lakini ukivuka geti la yadi harufu zote za bustani ziliishia hapo. Ndani ilikuwa dizeli, raba ya tairi iliyoungua, na kahawa iliyokaa juu ya moto tangu saa tatu za usiku mpaka ikawa nzito mithili ya lami. Kikombe kilikuwa senti 25, unaziweka mwenyewe ndani ya kopo, na hakuna aliyekulinda. Mshahara wa chini kisheria ulikuwa dola 3.35 kwa saa. Mimi, kwa ajili ya usiku, nililipwa tano na nusu, nikajiona bwana.

Malori yetu yalikwenda kila upande, lakini njia kuu zilikuwa mbili. Moja iliteremka kusini-magharibi kwa barabara ya 71 hadi Louisville, Kentucky, mwendo wa kilomita kama 340, mahali ambapo kampuni ya vifurushi ya UPS ilikuwa imeanzisha kituo chake kikubwa cha ndege na usiku kucha mzigo ulikuwa ukishuka na kupanda. Ya pili ilipanda Cleveland ikafuata ufuko wa ziwa Erie mpaka Buffalo, zaidi ya kilomita 500, na Buffalo si mwisho wa njia bali ni mlango: hapo kuna Peace Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1927, ukilivuka umo Kanada. Mlango wenye daraja una forodha, forodha ina karatasi, na karatasi zina saa zake. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya simu tatu na skrini moja, kusikiliza madereva, mafundi na makarani wa Louisville na Buffalo wakinieleza kilichoharibika na kinachotakiwa, na kuandika kila jambo katika orodha ya kazi ambayo saa kumi na mbili asubuhi ilichapishwa na kukabidhiwa zamu ya mchana.

Zamu ya mchana ilikuwa ni mtu mmoja, bibi wa Kimarekani aliyevaa miwani yenye mnyororo na sweta la rangi ya maboga hata mwezi wa Julai, kwa sababu alisema kipoza-hewa kinamwumiza shingo. Alikuwa akiingia dakika kumi kabla ya wakati, anavua viatu vya barabarani, anavaa vya ofisini, anachukua orodha yangu na kuisoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza, mimi nimesimama na koti mkononi. Mstari asioweza kuusoma kwa sauti, aliuhesabu kuwa haukuandikwa. Kabla ya kompyuta kuja, walinzi wa usiku walikuwa wakiandika kwa mkono katika daftari la jalada jekundu, kila mmoja na mikato yake. Aliniwekea daftari lile siku ya kwanza nilione, na ukurasa mzima ulijaa herufi mbilimbili na mishale. BF kwa mmoja ilikuwa Buffalo, kwa mwingine ilikuwa mafuta ya breki. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama hivyo ndivyo nchini kwetu tulivyokuwa tukiandika. Nikamwambia kwetu tulikuwa tukilipia kila neno. Akasema, hapa hulipi, andika. Nikawa naandika, na mkono ukawa mzito.

Kompyuta yenyewe ilikuwa AT&T 3B2, sanduku lililowekwa chini ya meza likavuma usiku kucha, iliyonunuliwa mkononi mwa mtu. Iliwekwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi katika kile kiwanda kikubwa cha Western Electric, Mtaa wa East Broad, mwendo mfupi wa gari kusini mwa Gahanna. Kiwanda kile kilitengeneza mitambo ya simu, na ndani yake Bell Labs nao walikuwa na wahandisi wao. Hapo niseme kidogo, maana watu wa Columbus wenyewe hawalijui jambo hili: wahandisi wale walikuwa na Unix yao, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ikiitwa CB Unix, yaani ya Columbus, waliyoitengeneza kwa ajili ya kazi za ndani za kampuni ya simu, na baadhi ya vitu vyake, kama zile njia za programu moja kupelekea nyingine ujumbe, viliingizwa baadaye katika Unix iliyouzwa duniani kwa jina la System V. Na ile programu niliyoandikia orodha yangu, vi, iliyobuniwa mwaka 1976 na Bill Joy akiwa mwanafunzi Berkeley huko California, ilirithiwa na mwanafunzi mwenzake, Mary Ann Horton, akaiongezea mambo mengi. Naye alipomaliza shahada yake ya uzamivu mwaka 1981 aliajiriwa na Bell Labs hapohapo Columbus, akaja nayo. Kwa hiyo nilipokuwa nikihangaika na skrini ile ya rangi ya kaharabu, aliyeilea programu ile alikuwa amefanya kazi mtaa wa pili, na mimi sina habari. Nilikuja kuyasoma haya miaka mingi baadaye.

Kampuni mama ya simu ilivunjwa kwa amri ya mahakama, na tangu tarehe 1 Januari 1984 ikawa vipande. Watu wengi wakastaafishwa mapema, yule mzee akiwemo. Alikuwa mrefu, ana vidole vyenye makovu ya solda, na mfukoni mwa shati lake hamkosi kalamu nne na bisibisi ndogo. Alikuja usiku mmoja kubadilisha waya, akakaa nyuma yangu akinywa kahawa yetu bila kukunja uso, jambo lililonifanya nimheshimu, akanitazama ninavyoandika Louisville, herufi kumi, kwa vidole viwili. Simu ikalia. Nikaiacha Louisville nusu, nikapokea, nikarudi, nimeshasahau nilichotaka kusema juu yake. Akaweka kikombe chini. Akaomba kiti. Akabonyeza kitufe cha kutokea, akaandika nukta mbili, kisha ab, nafasi, lv, nafasi, Louisville, akagonga. Halafu akarudi katika orodha akaandika lv na nafasi, na jina likajitandaza lote. Nilitoa sauti ya mshangao kwa Kiswahili. Yeye akacheka akidhani nimetukana.

Utaratibu wenyewe ni rahisi na haujabadilika mpaka leo. Unaiambia programu: nikiandika hiki, weka kile. Haifanyi kitu mpaka umalize neno, yaani mpaka utie nafasi, mkato au nukta. Na herufi zako zikiwa katikati ya neno jingine, hazigusi. Mwongozo wa vi wa mwaka 1980 tayari una amri hiyo, tena ndiyo ya kwanza katika orodha ya amri, kwa kuwa imeanza na A na B. Ukitaka mikato yako isipotee ukizima mashine, unaiandika katika faili linaloitwa .exrc, lenye nukta mbele, linalofichama nyumbani kwako na kusomwa kila uingiapo. Yule mzee alinifungulia lake akanionyesha. Lilikuwa refu, na mikato mingine ilihusu mitambo ambayo haipo tena, vyumba vya kiwanda, majina ya wakubwa waliokwisha kustaafu. Aliipitia kwa kidole taratibu akanieleza kila mmoja, huku malori yakiunguruma nje, nami nikaacha simu ilie mara mbili, jambo nisilolifanya kamwe.

Sasa usidhani mkato uliniokolea saa nzima. Hesabu ya vitufe ukiipiga vizuri utapata dakika chache kwa usiku, na mwajiri hakunipunguzia zamu kwa ajili hiyo. Faida ilikuwa kwingine. Saa kumi alfajiri kichwa cha binadamu ni kopo lililotoboka: dereva anakwambia taa ya nyuma ya tela imekufa, kabla hujaandika “tela” fundi wa Louisville anapiga, kabla hujamjibu Buffalo wanapiga kwamba theluji imefunga barabara na mteja wa Toronto anataka jibu. Jambo linalokaa kichwani sekunde thelathini bila kuandikwa limekwenda. Kwa herufi tatu nililiwahi. Na pale ndipo nilipomkumbuka yule mwenye kanzu wa Tanga. Yeye alifupisha na waliopokea wakaachiwa fumbo. Hapa mimi nilifupisha, lakini yule bibi mwenye miwani alipokea maneno kamili, yenye irabu zake zote, akayasoma kwa sauti bila kusimama. Miaka yote niliyohesabu maneno dirishani sikuwahi kuota kwamba ubahili wa mwandishi na haki ya msomaji vinaweza kukaa ndani ya mstari mmoja. Asubuhi ya kwanza alipomaliza orodha bila swali, alivua miwani, akaniuliza kama nimelala kazini nikamwandikisha mtu mwingine.

Habari zilienea. Fundi wa gereji, mtu mnene, mchangamfu, mwenye shingo nyekundu kwa jua hata wakati wa baridi, alitaka mikato yake, na kwa kuwa sote tuliingia kwa jina moja la kuingilia, mikato yake ilikaa pamoja na yangu. Akaamua kwamba herufi mbili, in, zisimame badala ya maneno ya Kiingereza ya ukaguzi kamili wa gari, alioufanya kila siku. Hakufikiri kwamba Waingereza hawawezi kutaja mahali bila neno hilo. Usiku ule kila lori lililokuwa ndani ya Buffalo likawa lina ukaguzi kamili Buffalo, na lililokuwa ndani ya yadi likawa ukaguzi kamili yadi, nami nilikuwa sina zamu. Bibi alisoma mpaka mwisho, akainua simu, akawauliza Buffalo ni nani aliyeagiza magari kumi na moja yafunguliwe. Kicheko kile kilitoka Gahanna kikafika Kentucky kabla ya mchana. Ndipo tukaweka sheria: mkato wowote uanze na herufi isiyoanzia maneno. Mimi nilipendekeza x, kwa sababu Kiswahili hakina x, nacho ndicho nilichokuwa nikifikiria kwacho. Wao wakakubali kwa sababu hata Kiingereza huitumia kwa nadra mwanzoni mwa neno. Louisville ikawa xlv, Buffalo ikawa xbf, mafuta ya breki yakawa xmb, kwa Kiswahili kabisa, na fundi yule mnene akawa anayaita hivyo mpaka nilipoondoka.

Ule niliojivunia kuliko yote ulikuwa xpb, wa Peace Bridge. Mashine inakubali mkato mmoja utoe mistari kadhaa, ukijua namna ya kuificha alama ya mstari mpya ndani yake, na mzee wa East Broad alinionyesha: unashika Control na V, kisha ndipo unagonga. Basi xpb ilimwaga mistari mitano: mpigie wakala wa forodha kabla ya saa mbili, hati ya shehena nakala tatu, uzito uliopimwa, si wa kukadiria, namba ya lakiri ya mlango, jina la dereva na karatasi zake za uraia. Tangu Marekani na Kanada zilipotia saini mkataba wa biashara huria, ulioanza kazi Januari 1989, mzigo wa upande ule ulizidi, na lori moja likikwama darajani kwa kukosa lakiri, siku nzima ya mtu imeharibika. Mistari mitano ile haikusahau.

Nikuambie na ubaya wake, maana hakuna aliyeniambia mimi. Kitu kisicho na bei hakina breki. Louisville na Buffalo walipopata mikato kama yetu, kila mmoja akatengeneza yake ya mistari mitano, sita, minane, akaimwaga juu ya kila kazi, hata ya kubadilisha balbu. Orodha iliyokuwa ukurasa mmoja ikawa mitatu. Yule bibi, aliyekuwa akisoma yote kwa sauti, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza tu na kuiweka mingine chini ya kikombe. Hapo nikaikumbuka Posta kwa namna nyingine: shilingi ile kwa neno, pamoja na dhuluma yake, ilikuwa ikimlazimisha mtu ajiulize nini hasa anataka kusema. Tulikaa kikao, tukala maandazi yao yale yenye tundu, dola 2.50 kwa dazeni, bibi akatoa hukumu kwamba mkato wa mistari mingi ni wa daraja peke yake na kila kazi nyingine ipewe mstari mmoja. Louisville walinung'unika kidogo.

Louisville ninaitaja sana kwa sababu ya dereva mmoja wa huko, Mmarekani mweusi, mtu wa mvi za mapema na mikono mipana, aliyekuwa akifika yadi yetu saa nane usiku na chupa ya chai ya sukari. Aliponijua ninakotoka hakuniuliza habari za simba. Aliniuliza kama Muhammad Ali alipendwa kwetu, maana Ali ni mtoto wa Louisville na yeye alikulia mitaa ileile. Nikamweleza ukweli: kwamba mwaka 1974, alipopigana na Foreman Kinshasa, Tanga nzima haikulala, na kwamba Februari 1980, Rais Carter alipomtuma Dar es Salaam kutushawishi tususie Olimpiki za Moscow, watu walimpenda yeye ila ujumbe hawakuutaka, na Mwalimu hakumpokea. Alinyamaza, akatikisa kichwa, akasema kumtuma bondia kwa kazi ya balozi kulikuwa ni kumvunjia heshima bondia. Sijasikia uchambuzi wa siasa za nje uliozidi huo. Huyo ndiye aliyekuwa akiichukua nakala yake ya orodha, anaikunja mara nne, anaitia mfuko wa shati, na akifika kwake anapiga simu kuniambia mstari upi umekwisha. Nami nilikuwa na mkato wa hilo pia, xok, uliotia neno “imekwisha” na herufi za jina langu.

Usiku ukitulia, kati ya saa tisa na saa kumi, niliandika barua za nyumbani kwa mashine ileile. Simu ya Tanzania ilikuwa zaidi ya dola moja na nusu kwa dakika, na nusu ya dakika hizo ulikuwa ukisikia mwangwi wako mwenyewe. Barua ya ndege ilikuwa senti 45. Nikatengeneza xsl, iliyotoa lile tamko letu lote: baada ya salamu, natumaini hamjambo na mu wazima wa afya njema kama nilivyo mimi huku, na endapo mtapenda kujua hali yangu, mimi ni mzima. Kaka yangu alinilaumu, akasema mama anastahili salamu ya mkono. Nikamwuliza ni lini aliwahi kuandika salamu tofauti na hiyo kwa mkono. Mama, Mungu amrehemu, alisomewa barua zote na watoto wa jirani, na lalamiko lake moja lilikuwa kwamba karatasi ya mashine ina mashimo pembeni na haifai kufungia karanga.

Kama mwaka 1993 hivi kampuni ilinunua programu maalumu ya kupanga safari, yenye visanduku vya kujaza na rangi ya buluu, na orodha yetu ikafa bila mazishi. Katika visanduku vile huwezi kuandika neno lako. Unachagua katika maneno waliyokuchagulia. Lori lililokwama kwa sababu dereva alikuwa amefiwa na hakuweza kuendesha kwa machozi, liliingizwa chini ya “sababu nyingine”. Nikaondoka muda si mrefu baadaye, nikaingia kazi ya mchana, nikaoa, hayo unayajua. Miaka ile ndipo Wasomali walipoanza kuja Columbus kwa wingi wakikimbia vita, na baada yao Wakongo, mpaka leo ukienda sokoni upande wa kaskazini mwa jiji unaweza kununua mahindi, kukopa na kugombana, yote kwa Kiswahili. Wenzao wako Louisville na Buffalo pia. Nilipopita Buffalo miaka ya karibuni, upande wa magharibi wa mji, nilisikia mwanamke akimwita mwanawe kwa Kiswahili cha Kivu dirishani, nikasimama kama nilivyosimamishwa na mrehani.

Nilipostaafu, binti yangu alinipa kompyuta yake kuukuu, nikaitafuta vi. Nikaletewa mwana wake, Vim, aliyetolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi aitwaye Bram Moolenaar. Nikaifungua, na hapo katikati ya skrini tupu pakatokea maneno ya Kiingereza yakiniomba niwasaidie watoto maskini wa Uganda. Nilidhani nimeibiwa. Kumbe Moolenaar mwaka 1994 alijitolea Kibaale, wilaya ya Rakai, kushughulikia maji na vyoo, akaona yatima walioachwa na ukimwi, na tangu hapo, programu yake ikiwa ya bure, aliomba anayependa kulipa akalipe kwa watoto wale. Rakai iko karibu na mpaka wetu wa Kagera. Ni ukanda ule ambao ugonjwa uliingia mapema, watu wa Bukoba wakauita Juliana kwa jina la kitambaa cha magendo kabla ya kuujua jina lake. Mwenzangu wa Posta alihamishiwa huko. Barua zake za miaka ya themanini zilikuwa orodha za misiba. Basi nikatuma nilichokuwa nacho. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na yale maneno niliendelea kuyaona kila nilipoifungua.

Sasa unaniambia simu yako inabashiri neno kabla hujaliandika, mikato ya nini. Simu yangu nayo inabashiri. Inabashiri Kiingereza, nami ninaandikia watu wa Tanga. Mkato wangu haubashiri, unatii. Hata hiyo iPhone yako inao, ukienda kwenye mipangilio ya kibodi utakuta wenyewe wamekuwekea mmoja, omw, unaotangaza kwamba uko njiani. Wangu nimeufuta, maana uliniponza kwa shangazi yako aliyekaa akiningoja na mimi sijavaa hata viatu. Badala yake nimeweka xdw kwa dawa za presha za asubuhi, xms kwa zamu yangu ya kufungua msikiti Ijumaa, na xlv nimeiacha ilivyo, kwa kuwa yule dereva bado yu hai, ana miaka themanini na kitu, na kila Jumapili nina kazi ya kumpigia.